Asiyesikilizwa na Haki Yake

Liko swali moja la maadili ambalo likitazamwa juu juu huonekana kuwa la wanasheria peke yao, lakini kwa hakika latuhusu sote ambao kazi yetu ni lugha. Swali lenyewe ni hili: mtu ameshtakiwa, akanyimwa nafasi ya kuleta neno alilotaka lisikilizwe, kisha akatiwa hatiani. Baadaye ikaonekana kwamba hata kama neno lile lingalisikilizwa, hukumu isingalibadilika. Je, mtu huyo amedhulumiwa, au hakudhulumiwa?

Ili tusizungumze hewani, na tuchukue mfano. Mwenye shamba mmoja amegombana na mchungaji ambaye ng'ombe wake wameingia katika mihogo. Siku ya pili wanakutana njiani, na mwenye shamba anampiga mchungaji kwa rungu na kumvunja mkono. Anashtakiwa kwa kosa la kushambulia na kudhuru mwili. Mbele ya hakimu hakani kwamba alipiga; anasema alijihami, kwa kuwa mchungaji alikwisha mtishia, na siku ile alimjia na panga. Anamwita shahidi, mwanamke aliyekuwa kisimani asubuhi ile. Mwanamke anakula kiapo na kuanza: "Nilimsikia mchungaji akimwambia, 'Nikikukuta tena njiani nitakumaliza.'" Hapo mwendesha mashtaka anasimama na kudai kwamba hayo ni maneno ya mtu mwingine, nayo hayapokelewi. Hakimu anakubali. Shahidi anaambiwa ashuke, naye mwenye shamba anafungwa. Sasa amekata rufani, na hoja yake ni moja tu: shahidi wangu alizibwa kinywa.

Kabla ya kumlaumu hakimu yatupasa kuelewa sheria aliyoishika. Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872 ndiyo mama wa sheria zetu za ushahidi hapa Uganda, na za jirani zetu wa Kenya na Tanzania pia. Huko India kwenyewe iliondolewa mwaka 2024 na kuwekwa nyingine mahali pake, lakini watoto wake wangali hai kwetu. Sheria hiyo hutaka ushahidi wa mdomo uwe wa moja kwa moja: kama ni jambo la kuonwa, aliyeliona ndiye aseme, kama ni la kusikiwa, aliyelisikia ndiye aseme. Sababu yake ni njema. Mtu asiyekuwapo mahakamani hakula kiapo, haulizwi maswali, wala uso wake hauonekani anaposema. Waswahili husema, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Methali hiyo yafaa kwa mtu mwenye hadhari, lakini ole wake mshtakiwa ikiwa hakimu ataifanya kuwa msingi wa hukumu! Ni watu wangapi katika vijiji vyetu wamepigwa na kuchomewa nyumba kwa sababu ya "inasemekana"? Na hao Waswahili wamesema pia, "Msema pweke hakosi." Asemaye bila kuulizwa maswali daima huonekana mkweli. Kwa hiyo kanuni inayokataa maneno ya kuambiwa si hila ya wanasheria. Ni ngao ya mnyonge asiyeweza kupambana na uvumi.

Walakini hapa ndipo mwalimu wa lugha anapokuwa na neno la kusema. Tunawafundisha wanafunzi wetu kwamba sentensi si za namna moja. Iko sentensi ya taarifa, iko ya swali, iko ya amri, iko ya ombi. Taarifa yaweza kuwa kweli au uongo. Amri haiwi kweli wala uongo, bali hutolewa au haitolewi, hutiiwa au haitiiwi. Na kitisho je? Mchungaji aliposema, "Nitakumaliza," hakuwa anatoa habari ya jambo lililotokea. Alikuwa anatenda jambo kwa ulimi wake, sawasawa na mtu anayeinua ngumi. Basi swali la kuuliza si kama maneno yale yalikuwa ya kweli, maana huenda mchungaji alikuwa akijigamba tu. La kuuliza ni kama yalitamkwa, na kama yalimtia hofu aliyeyasikia. Kwa swali hilo, mwanamke wa kisimani si mleta uvumi hata kidogo. Ni shahidi wa moja kwa moja, kwani aliyasikia kwa masikio yake mwenyewe, naye yuko tayari kuulizwa.

Tofauti hii iliwahi kuamua uhai wa mtu. Mwaka 1955, katika jimbo la Johore nchini Malaya, wakati wa vita vya msituni, majeshi ya serikali yalimkuta mtu mmoja aitwaye Subramaniam akiwa amejeruhiwa, naye ana risasi 20. Kwa sheria za hali ya hatari adhabu ya kosa hilo ilikuwa kifo, na kifo ndicho alichohukumiwa. Utetezi wake ulikuwa kwamba wapiganaji wa msituni walimteka na kumlazimisha. Lakini kila alipotaka kueleza walivyomwambia, alizuiwa: maneno yao hayapokelewi ila wao wenyewe waje kuyasema. Fikirini, wasomaji wapenzi, jinsi wapiganaji wale wangalivyofika mahakamani kula kiapo! Rufani yake ilifika London, katika Baraza la Malkia, ambalo zamani za ukoloni lilikuwa kikomo cha rufani zetu za Afrika Mashariki pia. Mwaka 1956 Baraza lilieleza kwamba neno la mtu mwingine hukataliwa linapoletwa ili kuthibitisha kwamba lililosemwa ni kweli; halikataliwi linapoletwa ili kuonyesha tu kwamba lilisemwa. Hukumu ya kifo ikatenguliwa.

Lakini tusidhani kwamba mlango hufunguka kila mara. Katika kisiwa cha Bermuda mwanajeshi mmoja Mzungu wa Marekani alitiwa hatiani kwa shambulio la aibu dhidi ya mtoto wa kike ambaye hakutimiza miaka minne. Mama wa mtoto alikuwa tayari kusema kwamba mtoto alimwambia aliyemtenda vile alikuwa kijana mweusi. Mtoto mwenyewe hakutoa ushahidi. Mama alikatazwa kuyasema maneno yale. Rufani ilipofika katika Baraza lile lile, waamuzi walikubali kwamba katazo lilikuwa sahihi kisheria, kwa kuwa hapa neno lililetwa kuthibitisha ukweli wa lile lililosemwa. Hukumu ilitenguliwa kwa sababu nyingine, iliyohusu maelezo ya mshtakiwa yaliyotumiwa dhidi yake. Kwa hiyo mtu yule alishinda rufani yake, lakini neno ambalo kila mzazi angalitaka lipimwe halikupimwa. Ngao ya mnyonge ilikuwa, katika shauri hilo, ukuta mbele ya mshtakiwa.

Turudi sasa katika swali letu. Ile sheria ya mwaka 1872 ina kifungu kimoja, karibu na mwisho wake, kisemacho kwamba kukataa ushahidi isivyostahili si sababu, peke yake, ya kutengua hukumu, ikiwa mahakama inaona kwamba ushahidi huo hata ungalipokelewa usingalibadilisha uamuzi. Twaweza kukiona kifungu hicho kuwa kikatili, lakini tukitendee haki. Yuko na mchungaji pia. Mkono wake umevunjika. Amekwisha simulia maumivu yake mbele ya watu mara moja. Je, aitwe tena baada ya miaka miwili, wakati mashahidi wengine wamehama au wamefariki, na kumbukumbu zimefifia, kwa ajili ya neno lisilobadili kitu? Shauri lisilo na mwisho ni dhuluma pia, na aghalabu humdhulumu zaidi asiye na nauli ya kwenda mahakamani.

Hata hivyo, mimi naona kwamba kifungu hicho hujibu swali moja na kuliacha jingine. Kinajibu kama hukumu ibaki au itenguliwe. Hakijibu kama mtu ametendewa haki. Mambo hayo ni mawili. Anayefungwa bila kosa amenyang'anywa uhuru wake. Anayefungwa kwa kosa lakini utetezi wake umezimwa katikati, amenyang'anywa kitu kingine: heshima ya kuhesabiwa kuwa mtu mwenye maelezo, si mzigo unaohamishwa kutoka kizimbani kwenda gerezani. Dhara hili la pili halipimwi kwa miezi ya kifungo. Lapimwa kwa namna mtu huyo atakavyoitazama serikali na jirani zake siku atakapotoka.

Tena kuna jambo la akili tu, lisilohitaji huruma. Mahakama ya rufani itajuaje kwamba neno halikuwa na uzito, ikiwa haikulisikia? Kusema "lisingalibadili kitu" ni kulipima, na kipimwacho sharti kiwekwe katika mizani. Katika shauri la Malaya waamuzi walikiri kwamba hawakuweza kuwa na yakini ya jambo hilo, kwa sababu kisa kizima cha mshtakiwa hakikupata kusikilizwa. Marekani wana desturi inayofaa kuigwa: ushahidi ukikataliwa, wakili hueleza mbele ya jaji, wazee wa baraza wasisikie, shahidi angalisema nini, na maelezo hayo huandikwa. Jaji haachi kukataa; lakini neno linabaki katika kumbukumbu za shauri, nao wa juu wanaweza kulipima. Kwa mshtakiwa asiye na wakili, nao ndio wengi mbele ya mahakimu wetu, naona yampasa hakimu mwenyewe amwulize, "Shahidi wako alitaka kusema nini?" na kuandika jibu. Ni mistari mitatu ya kalamu.

Atakuwapo mtu wa kusema kwamba hivyo mahakama itageuka kuwa soko, kila mtu aje na porojo zake. La hasha. Kusikiliza si kusadiki, na kuandika si kupokea. Hakimu aliyelisikia neno na kulikataa kwa sababu zilizo wazi amefanya kazi yake. Aliyelikataa kabla ya kujua ni neno la namna gani, taarifa ama kitisho, amekisia.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba mwenye shamba amedhulumiwa, hata kama ana hatia. Lakini dawa ya dhuluma hiyo si lazima iwe kumwachia huru, wala kulianza shauri upya na kumchosha mchungaji. Mahakama za rufani zina uwezo wa kuagiza ushahidi wa ziada uchukuliwe. Basi mwanamke wa kisimani aitwe, aseme alilolisikia, aulizwe maswali na upande wa pili. Kama kitisho kilikuwapo, na panga lilikuwapo, hukumu na itenguliwe. Kama kitisho kilikuwapo lakini mchungaji alipigwa akiwa amegeuza mgongo, kifungo na kibaki, naye mfungwa atajua kwamba alipimwa kwa yote aliyokuwa nayo.

Nasi walimu tusiyaache mambo haya kwa mahakimu. Kila juma wanaletwa mbele yetu watoto wawili waliopigana, na yule aliyepiga huanza kusema, "Lakini yeye aliniambia..." Mara ngapi hukatizwa hapo hapo, akaambiwa asilete maneno, aseme tu kama alipiga au hakupiga! Huenda adhabu atakayopewa ni ile ile anayoistahili. Lakini darasani tunamfundisha kwamba neno ni tendo. Tukimkataza kulitaja neno alilotendewa, tumelibatilisha somo letu wenyewe. Na amalize sentensi yake kwanza, ndipo tuamue.