Miaka Michache ya Yokebedi

Somo: Kutoka 2:1-10



Kila mwaka, muhula wa kwanza wa shule hapa Uganda unapokaribia, akina mama huniuliza: "Mchungaji, mtoto wangu bado mdogo. Shule ya watoto wadogo iko mbali, na pesa hatuna. Nimtayarishe namna gani?"

Tumwangalie Yokebedi, mama yake Musa. Alikuwa mtumwa katika nchi isiyo yake. Mungu alimrudishia mtoto wake amnyonyeshe, lakini kwa muda tu. Alijua siku inakuja atakapompeleka kwenye nyumba ya lugha nyingine na desturi nyingine. Musa alifundishwa hekima yote ya Wamisri (Matendo 7:22). Hata hivyo, alipokuwa mtu mzima aliwatoka kuwaona ndugu zake, wale watumwa (Kutoka 2:11). Miaka ile michache ya mama haikupotea.

Ndugu zangu, mimi mwenyewe nilikosa katika jambo hili. Kijana wetu wa kwanza alipoanza shule huku, nilifikiri kazi yote ni ya mwalimu. Siku ya kwanza alirudi amelowa, analia. Hakujua kuomba ruhusa ya kwenda choo, wala kufungua kifungo cha kaptula yake. Wenzake walimcheka, na kwa majuma matatu alikataa kurudi. Nilikuwa nikifundisha watu wazima Waraka kwa Warumi, na mwanangu sikumfundisha kufungua kifungo. Nilitubu mbele za Mungu na mbele ya mke wangu.

Kwa mdogo wake tulifanya hivi, na hakuna kilichotugharimu pesa:

Kwanza, jina. Ajue jina lake lote, la baba, la mama, na la kijiji tunapokaa. Sisi tuliokimbia vita tunajua uchungu wa mtoto aliyepotea njiani na hawezi kusema ni wa nani.

Pili, mwili. Ajue kwenda choo, kunawa mikono, kuvaa na kuvua nguo mwenyewe. Atachelewa, mngojee, usimfanyie.

Tatu, hesabu. Mama anapochambua maharage, mtoto ahesabu mpaka kumi, atenge makubwa na madogo.

Nne, mkono. Mpe kijiti achore mistari na miviringo kwenye udongo, kisha herufi za jina lake. Akikosea, udongo unafutika. Usimpige, maana mtoto anayeogopa hasikii.

Tano, sikio. Mpe hadithi jioni, kwa lugha ya nyumbani. Usionee haya Kibembe chako wala Kifuliiru chako. Mtoto mwenye maneno mengi katika lugha ya mama hupata pa kushikia lugha ya shule. Kisha kaka na dada zake wanaosoma wamfundishe maneno machache ya Kiingereza: choo, maji, kalamu, mwalimu.

Sita, kungoja zamu. Acheze na wenzake, agawane nao, ajifunze kukaa na kusikiliza.

Nanyi akina baba, msiseme hii ni kazi ya wanawake. Kumbukumbu la Torati 6:7 inatuagiza tuwafundishe watoto tukikaa nyumbani na tukitembea njiani. Njia ya kwenda shambani ni darasa, na foleni ya maji ni darasa.

Kuna neno moja linaloniumiza. Wengine husema, "Tutaanza tukirudi Kongo," au, "Tutaanza tukipata safari ya kwenda Marekani." Mpendwa, mimi pia nimengoja. Faili inaweza kulala miaka, lakini mtoto hakui kwa kufuata faili. Ana miaka minne mara moja tu. Yokebedi hakungoja Israeli watoke Misri ndipo amlee Musa. Alimlea kulekule utumwani.

Basi, leo jioni mwite mtoto wako mdogo. Muulize: "Wewe unaitwa nani? Baba yako ni nani? Unakaa wapi?" Anza hapo.

Tuombe: Ee Bwana, uliyemtunza Musa ndani ya kisafina, watunze watoto wetu ugenini. Utupe sisi wazazi uvumilivu wa kuwafundisha. Katika jina la Yesu. Amina.

Ni mimi mchungaji wenu, mkimbizi mwenzenu.