Karata Zilizo Wazi

Wasomaji wetu, yamkini baadhi yenu mtastaajabu kuona walimu wakiandika habari za karata. Wazee wengi wa huku kwetu Korogwe huzihesabu karata kuwa kazi ya wavivu, nao wana sababu. Wamewaona vijana wakikaa chini ya mwembe tangu asubuhi hata jioni, fedha imewekwa katikati, na nyumbani watoto hawana chakula. Sisi hatuitetei kamari, wala hatutaki kumtoa mtu shambani. Lakini tumejifunza mchezo mmoja wa karata uchezwao na mtu peke yake katika simu, nao umetuuliza swali ambalo hatukuweza kulikwepa. Swali ni hili: mtu akishindwa, twajuaje kama ni bahati yake au ni kosa lake?

Tuliujua mchezo huo wakati wa masika. Mvua ilitukuta Manundu, tukajificha katika kibanda cha kijana mmoja atengenezaye simu. Mvua ilipozidi kunyesha, tulimwona akiitazama simu yake kwa utulivu kama mtu asomaye barua. Tukamwuliza afanyalo, naye akatuonyesha, akatufundisha.

Karata zote 52 hupangwa katika safu nane. Safu nne zina karata saba saba, na nne zina sita sita. Zote zimefunuliwa, hakuna hata moja iliyolala kifudifudi. Kazi ya mchezaji ni kuzikusanya kwa jamii zake nne, yaani shupaza, kopa, uru na pau, akianza na ree mpaka amfikie mfalme. Katika safu, karata huwekwa juu ya ile iliyoizidi kwa moja tu, nyekundu juu ya nyeusi, au nyeusi juu ya nyekundu. Tena ziko nafasi nne tupu, na kila moja huweza kushika karata moja, kama vile mtu awekavyo mzigo chini kwa kitambo apate kufungua mlango. Nafasi hizo ndizo zilizoupa mchezo jina lake, FreeCell.

Angalieni sasa tofauti. Mtu achezaye karata na wenzake hupewa karata zilizofichwa, naye akishindwa husema, “Nilipewa karata mbaya.” Katika bao kete zote zi wazi, lakini mbele yako yuko mpinzani, na ukishindwa wasema, “Yule ni fundi.” Bali katika mchezo huu hakuna kilichofichwa, wala hakuna mpinzani. Ukishindwa, utamlaumu nani?

Sisi tulishindwa mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Tukasema, “Karata hizi ni mbaya.” Yule kijana akacheka kwa adabu, akasema, “Mwalimu, zote unaziona. Hakuna aliyekuficha kitu.” Kisha akatuonyesha alama ya kurudi nyuma. Tukarudi karata moja moja, tukitafuta mahali tulipokosea, nasi tulidhani ni pale pale tulipokwama. Sivyo. Kosa lilikuwa mbali nyuma, karibu na mwanzo. Katika hatua chache za kwanza tulikuwa tumekwisha kuzijaza nafasi zote nne, kwa furaha ya kuona mambo yanakwenda. Saa ile hatukusikia maumivu yo yote. Maumivu yalikuja baadaye, wakati mikono yetu ilipokuwa haina tena pa kuweka kitu. Ndipo tulipoielewa vema mithali ya wazee, kwamba majuto ni mjukuu.

Yafaa tuseme kidogo juu ya asili yake. Mwaka 1978 Paul Alfille, aliyekuwa akisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani, aliutia mchezo huu katika kompyuta za PLATO, zilizowekwa kwa ajili ya kufundishia. Baadaye Jim Horne aliutengeneza kwa kompyuta zitumiazo programu za Microsoft, na tangu Windows 95, yaani mwaka 1995, ukaenea duniani kote. Katika mchezo wa Horne migawo 32,000 ya karata ilipewa namba, hata mtu aliyeko Tanga na mtu aliyeko London waweza kuujaribu mgawo ule ule.

Basi watu wakaanza kuuliza: je, kila mgawo wafunguka? Mwaka 1994 Dave Ring aliwakusanya watu wa kujitolea kwa njia ya intaneti, akawagawia namba hizo, kila mtu fungu lake. Namba iliyomshinda mmoja ilipelekwa kwa mwingine, na iliyomshinda huyo ikapelekwa kwa mwingine tena. Kazi ikamalizika mwaka 1995. Katika migawo ile 32,000, yote ilifunguliwa isipokuwa mmoja tu, namba 11982. Huo uliwashinda wote. Na programu za kompyuta zilizotengenezwa baadaye zimeipekua kila njia ya mgawo huo, zisione hata moja ifikayo mwisho. Tena, migawo ilipoongezwa ikafika milioni moja, ilionekana kwamba isiyofunguka ni minane tu.

Habari hii ilitutia haya. Ni mara ngapi tumesema “karata mbaya” tulipokuwa na mgawo uliokwisha kufunguliwa na watu wengine wasiotuzidi akili? Na katika maisha je? Mwanafunzi aliyeshindwa mtihani husema maswali yalikuwa magumu. Mwenye duka husema wateja wa siku hizi ni wabaya. Nasi walimu husema darasa hili halifundishiki. Huenda tukirudi nyuma hatua kwa hatua tutaona kosa dogo la mwanzo, lililofanywa kwa haraka siku ambayo hakuna kilichotuuma. Haraka haraka haina baraka, nasi twaipa haraka yetu jina la bahati.

Lakini tungeishia hapo tungekuwa tumejifunza nusu tu, na nusu hiyo ni ya hatari. Maana namba 11982 iko.

Tutasimulia jambo lililotupata wenyewe. Katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa yuko mtu mmoja aliyekopa apate kulima mahindi bondeni. Siku ya kulipa alikuja mikono mitupu. Sisi tulikuwa wa kwanza kusimama, tukasema, “Huyu ni mzembe. Na achukuliwe baiskeli yake na mabati yake.” Neno letu lilikuwa zito kwa kuwa sisi ni walimu, na watu wengi wakatikisa vichwa kukubali. Shauri likawekwa mpaka mkutano wa juma lililofuata.

Katika juma hilo ndipo tuliposikia habari ya mgawo ule usiofunguka. Usiku hatukulala vizuri. Tulijiuliza: watu wengi walijaribu, kila mmoja baada ya mwenziwe, kabla hawajathubutu kusema kwamba namba moja tu ya karata haifunguki, nasi je, tulitumia muda gani kabla ya kusema kwamba ya jirani yetu ilifunguka? Hatukutumia hata dakika moja. Hatukumwuliza neno.

Asubuhi tukaenda kwake, tukasema, “Ndugu, tusimulie tangu siku ya kwanza.” Akatusimulia. Alilima kwa wakati, akanunua mbegu njema, akapalilia. Mto ukafurika, maji yakalala shambani. Akapanda tena, mvua ikakatika kabla mahindi hayajabeba. Shamba la juu hana. Lile la baba yake liligawanywa kwa ndugu zake wakubwa, yeye akapata bonde. Kosa alikuwa nalo, wala hakulificha: aliutia mkopo wote katika shamba moja, asijibakizie hata nafasi moja tupu. Lakini tulipojaribu kumwonyesha njia ambayo angeifuata akiwa na shamba lile moja na mwaka ule wa mvua zile, hatukuiona. Wazee walisema kweli: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mkutanoni tuliomba radhi kwa neno letu, tukaomba apewe muda mpaka mavuno ya vuli. Wengine walikubali, wengine walinung’unika, na haki ya kunung’unika walikuwa nayo, maana fedha ile ni jasho lao. Mpaka leo amelipa nusu, na mabati bado yako juu ya nyumba yake.

Mtu atatujibu kwamba maisha si karata. Ni kweli. Katika mchezo karata zote zi wazi tangu mwanzo, bali katika maisha nyingi zimefunikwa, na mvua haitupi habari kabla ya kukatika. Tena, katika mchezo iko alama ya kurudi nyuma, na neno likiisha kutoka kinywani halirudi. Sisi tuliomba radhi, lakini mtu yule alikwisha kulisikia neno la “mzembe” mbele ya mkewe. Hata hivyo tofauti hizi zaizidisha nguvu hoja yetu. Ikiwa mahali ambapo kila kitu chaonekana ilikuwa kazi kubwa kujua kama mtu alishindwa kwa kosa lake au kwa mgawo wake, je, haitakuwa kazi kubwa zaidi mahali ambapo mengi hayaonekani?

Basi twaona kwamba yafaa kuwa na vipimo viwili, na kutovichanganya. Tunaposhindwa sisi, tuanze kwa kudhani kwamba karata zilifunguka, turudi nyuma kwa uaminifu tutafute kosa letu. Maana tusipotafuta hatutaliona kamwe. Anaposhindwa jirani, tukumbuke namba 11982, tumwulize kabla ya kumhukumu. Desturi ya wanadamu ni kuvigeuza vipimo hivi: wenyewe tuna bahati mbaya, na wenzetu ni wazembe. Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu.

Na kuhusu mchezo wenyewe, twauchezea wakati wa mvua tu, mgawo mmoja kisha twafunga simu. Majuzi tulimkuta yule kijana wa Manundu ameandika 11982, anajaribu. Tukamwambia kwamba haufunguki. Akatujibu, “Najua, Mwalimu. Nataka nione mwenyewe mahali unapokwama.”