Goti la Mcheza Mpira na Ng'ombe wa Ukoo

Katika milima ya Masisi mpira huchezwa popote palipo tambarare kidogo, napo ni pachache. Uwanja hukatwa ubavuni mwa kilima, na mpira ukitoka nje hufuatwa mpaka bondeni. Kijana aruka, atua mguu ukiwa umejipinda, asikia kitu kimealika ndani ya goti. Kesho yake goti limevimba kama kibuyu. Baada ya majuma kadhaa uvimbe wapungua, naye aweza kutembea. Lakini akigeuka ghafula, goti lamponyoka. Hapo ndipo mashauri yanapoanza nyumbani. Mmoja asema apelekwe Goma akapasuliwe. Mwingine asema mpira si kazi, auache. Na mzee akaa kimya, akiwahesabu ng'ombe.

Shauri hilo si la mganga peke yake. Ni swali la haki pia: yafaa mali ya watu wengi itolewe kwa ajili ya goti moja, tena goti lililoumia mchezoni?

Kwanza tulijue jambo lenyewe. Katikati ya goti mna kano mbili zinazopishana kama msalaba, zikiunga mfupa wa paja na mfupa wa muundi. Ile ya mbele huzuia muundi usiteleze mtu anapogeuka au anapotua. Ikikatika kabisa, kwa kawaida haijiungi vema kama mfupa uliovunjika unavyojiunga. Wala mpasuaji haishoni tu kama nguo. Mara nyingi huchukua kano nyingine ya mgonjwa mwenyewe, nyuma ya paja au mbele ya goti, akaipitisha katika matundu aliyoyatoboa mifupani. Kano hiyo yakaa miezi mingi kabla ya kuwa imara, na mchezaji anayerudi uwanjani kabla ya miezi 9 ajitia katika hatari kubwa zaidi ya kuumia tena.

Twaeni mfano wa Yannick Bolasie, aliyeichezea timu ya taifa ya Kongo. Tarehe 4 Desemba 2016, akiwa na Everton ya Uingereza, aliumia goti kwa namna hiyo. Alirudi uwanjani mwisho wa Desemba 2017. Mwaka mzima na zaidi, naye alikuwa na madaktari, na walimu wa mazoezi, na mshahara. Vijana huiona siku ile aliyorudi. Ule mwaka hawauoni.

Sasa liko jambo ambalo wengi hawalijui. Huko Sweden waganga walifanya jaribio lililotangazwa mwaka 2010. Waliwachukua watu 121, vijana wenye kuzoea michezo, waliokuwa wamekatika kano hii karibuni. Wachezaji wa kulipwa hawakuwamo. Kwa kura, 62 walipangiwa kupasuliwa mapema, pamoja na mazoezi. Wengine 59 walianza na mazoezi matupu, wakiwa na ruhusa ya kupasuliwa baadaye ikiwa goti halikutulia. Ilipotimia miaka 5, watu 30 kati ya hao 59 walikuwa wamepasuliwa. Waliosalia hawakupasuliwa. Na kwa jumla makundi hayo mawili hayakupitana sana, wala kwa maumivu, wala kwa uwezo wa kucheza, wala kwa dalili za kuharibika kwa goti zilizoonekana katika picha. Basi anayesema ya kwamba bila kisu goti limekufa asema zaidi ya ajuavyo. Lakini nusu walikihitaji kisu, na hilo pia tusilifiche.

Tena Sweden si Masisi. Hapa goti ni chombo cha kazi kabla ya kuwa chombo cha mchezo. Kwalo mtu ashuka na gunia la viazi penye matope, kwalo asukuma chukudu, kwalo apeleka maziwa yatakayokuwa jibini. Kule Walikale, wachimbaji walipoanza kutoa bati Bisie miaka ya 2000, wachukuzi waliibeba msituni katika mifuko ya kilo 50 mpaka barabarani. Na liko jambo la tatu, ambalo twalitaja kwa uchungu. Mwezi wa Januari 2025 vita vilifika Masisi mjini, kisha Goma. Mwezi wa Machi vikafika Walikale. Mtu ambaye goti lake humponyoka akigeuka hakimbii kama wenzake, naye pengine ana mtoto mgongoni. Kwa hiyo mzee anayeliita shauri hili upuuzi wa mpira hajalitazama lote.

Kanisa lina kipimo cha zamani kwa mashauri kama haya. Papa Pius XII, akisema na waganga tarehe 24 Novemba 1957, alifundisha ya kwamba mtu apaswa kwa kawaida kutumia njia zile tu zisizomletea yeye au wengine mzigo mkubwa kupita kiasi, kwa kadiri ya watu, mahali na nyakati. Alikuwa akisema juu ya wagonjwa mahututi, si juu ya magoti. Hata hivyo twaona kipimo hicho chafaa hapa. Nayo Katekisimu ya 1992 yatuagiza kuutunza mwili kwa busara, ikatuonya pia tusiuabudu mwili wala ushindi wa michezo. Kwa hiyo kijana hana dhambi akitamani kucheza tena. Ila tamaa hiyo haimpi haki ya kuuza shamba linalowalisha wadogo zake. Aliye na njia ya kupasuliwa bila kuwafilisi wengine, na apasuliwe akitaka. Asiye nayo asidhani kwamba ameshindwa wajibu.

Sisi twaona yafaa kuanza na mazoezi, majuma 12 hivi, kila siku, pasipo udanganyifu. Ni kazi ya kuchosha isiyo na sifa: kukunja na kunyosha goti, kusimama kwa mguu mmoja, kuchuchumaa polepole, kupanda na kushuka kipandio. Kipandio cha mlango wa kanisa chatosha. Lakini kwanza aonwe na mganga aliyesoma, maana goti lililokwama lisinyoke, au lililokatika kano kadhaa pamoja, halingojei majuma 12. Na goti bichi lililovimba lisivutwe wala kupindwa kwa nguvu na wakandaji, hata wakiwa na sifa mlima mzima.

Majuma hayo yakiisha, na goti bado lamponyoka akiwa na mzigo kichwani, basi hoja ya mpira imekwisha. Ni hoja ya mkate. Kila linapomponyoka, ule ute mgumu unaokaa kati ya mifupa kama mto wa kukalia waweza kuchanika. Hapo ukoo ukiuza ng'ombe, twaona wauza kwa haki. Goti likiwa limetulia kwa kazi, ila halitaki kugeuka kwa kasi uwanjani, basi mtu apime mwenyewe kama mpira huo una thamani ya mnyama huyo. Wazee wana neno juu ya mali. Juu ya mwili wake, kusema ndiyo au hapana ni kwake yeye. Asisukumwe mezani pa mpasuaji ili timu ya parokia ipate kushinda.

Watu huhesabu gharama ya kisu, wakasahau inayofuata: safari ya Goma, mahali pa kulala, mtu wa kumpikia, tena majuma ya magongo na miezi ya kutobeba kitu kizito. Miezi hiyo yote maji na kuni vitabebwa na dada zake. Nao, kwa desturi zetu, hawaketi barazani shauri linapokatwa. Waitwe, waulizwe kama wataweza, kabla ng'ombe hajafunguliwa kamba kwenda sokoni.