Keki ya Mkopo



Ndugu zangu wanafunzi, kila inapotajwa siku ya kuzaliwa ya mtoto, mjadala wetu huanzia na kuishia mahali pamoja: inafaa au haifai? Rai zote mbili tunazijua. Sheikh Ibn Baz (Allah amrehemu) aliikataza kwa hoja ya uzushi na kujifananisha na wasiokuwa Waislamu. Darul Iftaa ya Misri inaiona ni ada inayoruhusiwa, maadamu haina haramu ndani yake, na kwamba ni namna ya kumshukuru Allah kwa neema ya uhai. Anayefuata rai ya kwanza huenda akataka kufunga ukurasa huu. Namwomba asubiri kidogo, kwa kuwa nitakayosema yanamhusu hata kwenye akika, na hata siku mtoto wake atakapohitimu juzuu. Swali langu ni jingine, na naona hilo la kwanza limelifunika: sherehe hii ni ya nani, na nani anailipia?

Tuchukue mfano wa mwendesha bodaboda hapa Mbale mwenye watoto watatu. Wa mwisho anatimiza miaka minne, na baba ana shilingi 60,000 za kutumia. Mama ameshaona picha za sherehe ya jirani kwenye WhatsApp. Keki ya ghorofa mbili, soda, viti vya kukodi, mpiga picha: tuseme hesabu inafika 250,000. Hizo 190,000 zinazopungua zitatoka wapi? Akizichukua kwenye mkopo wa simu, ameingia kwenye riba, na hapo hatuna haja ya kubishana. Lakini tuseme amekopeshwa na rafiki, bila hata senti moja ya ziada. Je, kuna ubaya gani, ikiwa nia yake ni kumfurahisha mwanawe?

Katika Sahihi Bukhari imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akiomba ndani ya sala kukingwa na deni. Alipoulizwa kwa nini anaomba hivyo mara nyingi, alieleza kwamba mtu akiwa na deni husema akaongopa, na huahidi akavunja ahadi. Tazameni jibu hilo. Hakutaja njaa wala umaskini, alitaja tabia. Sasa rudini kwa yule baba. Mwezi umekwisha, rafiki anabisha hodi, na anayetumwa mlangoni kusema "baba hayupo" ni nani? Ni yuleyule wa miaka minne aliyekatiwa keki. Pesa zilizokopwa kwa ajili ya furaha yake zimemnunulia somo lake la kwanza la uongo, na mwalimu wake ni mzazi wake.

Wengine watasema: basi aache kabisa, huo ndio uchaji. Hapa natofautiana na wahadhiri wetu wengi, ambao kwao kila mama anayetaka keki anafanya riya. Mtoto wa mwaka mmoja, kweli, hajui lolote. Mara nyingi hulala kabla wageni hawajafika, na sherehe yake ni ya wazazi na kamera. Wa miaka minne anajua. Shuleni ameimbiwa wenzake, naye ameulizwa "yako lini?" Aibu anayoiona mama yake si ya kubuni, na ni rahisi mno kwa mwenye nacho kumwambia asiyenacho asijali maneno ya watu. Surat al-Furqan (25:67) inawasifu wasiofuja na wala hawafanyi ubakhili. Tumezoea kuisoma aya hiyo upande mmoja tu. Mtume (s.a.w.) alimtania mtoto Abu Umayr kuhusu kindege chake, na Bibi Aisha alichezea wanasesere wake nyumbani kwa Mtume. Furaha ya mtoto ilipewa nafasi yake, tena kwa gharama ndogo sana.

Kipimo ninachokipendekeza nimekitoa katika kisa cha Nu'man bin Bashir. Baba yake alimpa zawadi, akaenda kumshuhudisha Mtume (s.a.w.), akaulizwa: je, umewapa watoto wako wote mfano wake? Alipojibu hapana, Mtume alikataa kuwa shahidi. Kabla ya kuagiza chochote, basi, mwendesha bodaboda wetu ajiulize: hiki ninachomfanyia huyu, nitaweza kuwafanyia wale wawili, mwaka huu huu? Asipoweza, amevuka kiwango chake, hata kama hadaiwi na mtu. Nyumba nyingi kifungua mimba ana albamu nzima ya picha, na wa tatu hana hata moja.

Na kwa shilingi 60,000 mambo yanawezekana. Fenesi moja kubwa la sokoni linashibisha watoto wa nyumba kadhaa, na watachafuka mikono kwa raha zao. Mandazi ya mama, maji ya pasheni, bisi, pakiti moja ya baluni. Walima wa Bibi Safiyya, wakati wa kurudi kutoka Khaybar, haukuwa na mkate wala nyama. Yalitandikwa matandiko ya ngozi, zikawekwa tende, jibini kavu na samli, na waliokuwa na chochote wakaombwa wakilete. Walileta kilichobaki katika masurufu yao ya safari. Hiyo ni tofauti na michango ya siku hizi, ambapo jina lako linabandikwa kwenye kundi la WhatsApp pamoja na kiasi ulichoahidi.

Limebaki suala la wageni. Mtume (s.a.w.) alikiita chakula kibaya kabisa kile cha walima wanaoalikwa matajiri na kuachwa mafukara. Hakuna anayeandika kwenye kadi kwamba fukara asije, lakini mwaliko ukishajulikana kuwa ni wa zawadi, mama asiyekuwa na ya kununulia huwafungia wanawe ndani siku hiyo. Kwa hiyo watoto waambiwe waje mikono mitupu. Watakaoleta zawadi hata hivyo, zawekwe chumbani, zifunguliwe wageni wakishaondoka, ili mtoto wa mlinzi aliyekuja na penseli moja asisimame pale akiitazama penseli yake ikiinuliwa baada ya baiskeli.