Nakala Mbili, Mwenye Haki Mmoja: Utambulisho wa Mashine Inayohama

Swali la utambulisho, yaani kinachokifanya kitu kiendelee kuwa kilekile ilhali sehemu zake zinabadilika, liliulizwa tangu kale kuhusu merikebu, miili na roho. Leo linajitokeza pia katika seva zinazotumia umeme wa gridi ya Taifa ya Tanzania, ukiwemo ule unaofuliwa Kidatu, chini ya milima ya Vidunda, ambako maji ya Ruaha Mkuu huendesha mitambo yenye uwezo wa megawati 204.

Mashine pepe ni kompyuta isiyo na umbo lake yenyewe: ni programu inayotenda kazi ndani ya seva kama kompyuta kamili, na diski yake kwa kawaida ni faili kubwa, liitwalo taswira ya diski, linalobeba kila kilichoandikwa humo. Mwaka 2005 Christopher Clark na wenzake walieleza namna ya kuihamisha mashine hiyo bila kuizima: kumbukumbu ya muda hunakiliwa huku kazi ikiendelea, kurasa zake, yaani vipande vya kumbukumbu hiyo, zilizobadilika hunakiliwa upya hadi zibaki chache, kisha mashine husimamishwa kitambo kidogo, ambacho katika jaribio lao moja kilikuwa milisekunde 60, na kuendelea upande wa pili. Diski yenyewe hawakuihamisha, kwa kuwa ilikuwa katika hifadhi ya pamoja iliyofikiwa na seva zote mbili.

Pasipo hifadhi ya pamoja, taswira nayo haina budi kunakiliwa. Taswira ya gigabaiti 100, kwenye mtandao wa gigabiti 1 kwa sekunde, huchukua si chini ya sekunde 800, na muda wote huo kila kinachoandikwa upya sharti kifike pande zote mbili. Mwisho wake huwapo taswira mbili zisizotofautiana hata kwa biti moja. Ipi basi ndiyo diski ya mashine ileile? John Locke, aliyeuweka utambulisho wa mtu katika mwendelezo wa fahamu, hasaidii hapa, kwa sababu yaliyopita yamo kote kuwili kwa usawa. Naye Derek Parfit, mwaka 1984, alishikilia kwamba mwendelezo ndio wenye maana, si utambulisho.

Wahandisi hujibu kwa kufuli: wakati wowote ni upande mmoja tu wenye ruhusa ya kuandika. Jibu hilo ni la kifalsafa kuliko linavyoonekana, na mfumo wa ukoo unalifafanua. Wavidunda wa milima ile ya Kidatu, kama majirani zao Waluguru na Wakaguru, huhesabu ukoo kwa upande wa mama; na pale mpwa anaporithi nafasi ya mjomba wake, hairithi kwa kuwa anafanana naye, bali kwa kuwa nafasi hiyo, ambayo ni moja, imemfikia yeye. Lau wawili wangeishika pamoja, kila mmoja angeweza kwa nia njema kumpa mtu wake shamba lilelile. Ndivyo mashine mbili zinazoandika kwenye taswira moja ya hifadhi ya pamoja zinavyoweza kugawa nafasi ileile ya diski kwa mafaili mawili, na yote mawili yakaharibika.

Yawezekana kupinga kwamba ni ajabu utambulisho wa kitu kutegemea kutokuwapo kwa mshindani wake. Pingamizi hilo lina nguvu juu ya binadamu: al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliona kwamba mtu hubaki yuleyule kwa nafsi yake hata mwili ukibadilika, na nafsi haipewi wala kunyang'anywa ruhusa na fundi. Lakini mashine pepe ipo kwa ajili ya ahadi zake kwa wengine, yaani malipo iliyoyapokea na kumbukumbu ilizokubali kuzitunza. Kwa kitu cha namna hiyo, kuwa yuleyule ni kuwa mwenye kuwajibika, na uwajibikaji ukigawanyika hakuna anayeweza kudaiwa. Ndiyo maana uhamisho ukikatika kabla ya ruhusa kukabidhiwa, mashine ni ile ya awali na nakala haina thamani. Lakini mara upande wa pili unapoandika neno lake la kwanza, taswira ya zamani, ijapokuwa ni kamili, yaweza kufutwa bila dhuluma yoyote.