Mwito wa Kijahiliya Katika Viwanja vya Mpira

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyewaumba wanaadamu kutokana na nafsi moja, akazifanya rangi zao na lugha zao kuwa mbali mbali ili iwe ni dalili ya uwezo Wake kwa wenye kuzingatia. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake.

Ama baad. Ndugu zangu Waislamu wa Kitale na Bungoma, na kila atakayefikiwa na karatasi hii: huenda mmoja wenu akastaajabu akauliza, Sheikh ana shughuli gani na mpira? Namjibu kuwa sikuja kuuharimisha mpira. Kukimbia na kuuzoeza mwili si dhambi, maadamu Sala haikuachwa, tupu zimesitiriwa, na kamari haikuingia ndani yake. Nisemalo leo ni habari ya ulimi wa mtazamaji, kwani ulimi huo hauachi kuandikiwa mema na mabaya kwa kuwa mwenyewe ameingia kiwanjani.

Katika darsa yetu ya Bungoma, baada ya Sala ya Ishaa, vijana walinieleza kwa uchungu mambo wanayotendewa watu weusi katika viwanja vya Ulaya. Walinitajia Vinícius Júnior, Mbrazili wa timu ya Real Madrid, ambaye tarehe 21 Mei 2023, katika mji wa Valencia, alitukanwa kwa kuitwa nyani mbele ya maelfu ya watu. Mwezi wa Juni 2024 mahakama ya Hispania iliwahukumu watu watatu kifungo cha miezi minane kwa tendo hilo, ikawakataza kuingia viwanjani kwa miaka miwili. Walinitajia pia ndugu yetu Muislamu, Kalidou Koulibaly wa Senegal, ambaye tarehe 26 Disemba 2018, katika mji wa Milan, alipigiwa kelele za nyani na watazamaji alipokuwa akiichezea Napoli. Mwisho wake yeye aliyeonewa ndiye aliyetolewa kiwanjani kwa kadi, kwa kuwa alimpigia refa makofi ya kejeli. Baadaye timu ya Inter, ambayo mashabiki wake ndio waliofanya uovu huo, iliadhibiwa kucheza mechi mbili nyumbani pasipo watazamaji.

Vijana wakasema, "Sheikh, Wazungu hawa hawana utu." Nami nikawaunga mkono, nikawasomea aya za Suratul-Hujurat, tukaondoka sote tumeridhika na nafsi zetu. Kuridhika huko ndiko kulikokuwa kosa letu.

Haikupita muda mrefu nikaalikwa kwenye mchezo wa vijana baina ya timu mbili za pande zetu hizi, moja ya upande wa Kitale na moja ya upande wa Bungoma. Mlinda lango wa timu moja alikuwa kijana aliyesilimu mwaka uliopita, mwenye adabu na bidii ya kujifunza. Alipoukosa mpira ukaingia langoni, mtu mmoja nyuma yangu alipaaza sauti akamtukana, si kwa kukosa mpira, bali kwa kabila lake, na kwa mila za wazee wake, na kwa mama yake aliyemzaa. Watu wakacheka. Nikageuka nimtazame msemaji, nikaona ni mtu ninayemjua, husali safu ya mbele.

Sitaliandika tusi lenyewe, kwani kuliandika ni kulitangaza. Wala sitalitaja kabila la aliyetukana wala la aliyetukanwa, kwa sababu nikiyataja, nusu ya wasomaji wataacha kusikiliza mawaidha wawe wanatetea watu wao.

Kijana yule hakuonekana msikitini Ijumaa iliyofuata, wala ya pili yake. Nikamwendea. Akanipokea kwa heshima, akaniambia, "Sheikh, niliposilimu niliambiwa kuwa katika Uislamu hakuna kabila. Aliyenitukana ndiye aliyenifundisha kutawadha."

Ndugu zangu, mimi nimesoma vitabu miaka mingi, na siku ile sikuwa na jibu. Hapo ndipo nilipofahamu kuwa yale tuliyoyalaani ya Valencia na ya Milan tunayo hapa petu. Tofauti ni kwamba wale hutukana rangi, na sisi, kwa kuwa rangi yetu ni moja, tumetafuta kabila la kutukana. Maradhi ni yale yale.

Sasa sikilizeni habari iliyosimuliwa katika vitabu vya Bukhari na Muslim. Mtume (S.A.W.) alikuwa safarini pamoja na majeshi yake. Mtu mmoja katika Muhajirina akampiga mtu katika Ansari. Yule Mansari akaita Ansari wenziwe wamsaidie, na yule Muhajiri naye akawaita Muhajirina. Mtume aliposikia, aliuliza ni wito gani huu wa kijahiliya, akawaamrisha wauache, akasema kuwa ni kitu kinachonuka uvundo.

Tazameni vizuri. "Muhajirina" na "Ansari" si majina mabaya, ni majina matukufu ambayo Mwenyezi Mungu mwenyewe amewasifu wenye nayo katika Qur'ani. Kosa halikuwa katika jina. Kosa ni kulifanya jina kuwa bendera ya kuwakusanya watu juu ya wenziwao, kila mmoja amtetee wa kwao bila ya kuuliza ni nani aliyedhulumu. Jina lililo safi asubuhi likawa uvundo jioni, kwa namna lilivyotumiwa.

Na sisi Wakenya tuna somo letu wenyewe katika jambo hili. Timu inayoitwa leo AFC Leopards ilianzishwa mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya, na Gor Mahia ilianzishwa mwaka 1968 kwa jina la mganga mashuhuri wa Waluo wa zamani. Ilipofika mwaka 1980, Serikali ya Rais Moi ilitaka majina ya kikabila yaondolewe katika vyama na timu. Abaluhya wakawa All Footballers Confederation, wakabaki na herufi tatu, AFC. Gor nao wakatafuta maneno ya Kiingereza ya kuyaficha yale ya zamani. Je, majina yalipobadilika, ndimi zilibadilika? Aliyezoea kutukana chini ya jina la kale aliendelea kutukana chini ya jina jipya. Sheria yaweza kukifuta kibao cha mlangoni, walakini moyo haufutwi kwa sheria.

Sisemi kwamba mtu asiipende timu ya watu wake. Mapenzi ya mtu kwa jamaa zake ni maumbile, na Mwenyezi Mungu ametwambia kuwa ametufanya mataifa na makabila ili tujuane. Lakini kujuana ni kitu kimoja, na kujuvyana ni kitu kingine.

Najua atasimama mtu aseme, "Huo ni utani tu. Hata mchezo wa Gor na AFC watu huuita mchezo wa mashemeji." Naam, jina hilo ni zuri, kwa kuwa Waluo na Waluhya wameoleana vizazi na vizazi. Lakini hebu tuupime utani huu kwa mizani ya Sharia. Mtani ni yule unayejuana naye, unamtania naye akakutania, mkamaliza mkala sahani moja. Mtu elfu wakimwimbia mmoja, naye hana ruhusa ya kujibu wala pa kwenda, huo ni utani wa nani? Na shemeji gani wa heshima humtukana shemejiye kwa habari za jando mbele ya wakwe? Mwenyezi Mungu alipowakataza watu kudharau watu wengine, alibainisha kuwa huenda wanaodharauliwa wakawa bora kuliko wanaodharau, kisha akakataza kuitana kwa majina mabaya. Hakumbagua aliyesema kwa kucheka na aliyesema kwa kukasirika.

Wala msidhani kuwa madhara ya jambo hili huishia kwenye mstari wa kiwanja. Sisi watu wa pande hizi hatuhitaji kufundishwa. Tuliyaona mapigano ya ukabila katika Trans Nzoia na Mlima Elgon mwaka 1992. Tukayaona tena ya Mlima Elgon kuanzia mwaka 2006 hata 2008. Na baada ya uchaguzi wa Disemba 2007, nchi nzima iliwaka moto, na tume ya Jaji Philip Waki ikahesabu watu 1,133 waliouawa. Je, waliowachoma moto jirani zao walianza siku ile kuwachukia? La, hasha. Walianza kwa maneno. Walizoea kumwita jirani kwa jina la mnyama na jina la takataka, katika ngoma, katika soko, katika mpira, hata ilipokuja siku ya fitina hawakumwona tena kuwa ni mtu. Serikali ikaweka sheria ya mwaka 2008 ya utangamano wa kitaifa, inayoadhibu maneno ya chuki ya kikabila. Ni sheria njema. Walakini sisi tulikuwa na sheria hii takriban miaka 1,400 kabla yake, na hatukuitumia.

Wala nisiwalaumu watu wa bara peke yao. Mimi niliyesoma pwani nakiri mbele yenu kuwa sisi tuliosoma huko tulikuwa tukimwita mtu wa bara "mshenzi", na tukamuuliza Muislamu mwenzetu ukoo wake kabla ya kumuuliza elimu yake. Neno hilo halikuwa neno jepesi, kwani ndilo waliloliambatanisha na watu waliokuwa wakitekwa na kuuzwa katika zama za utumwa. Yatupasa tuone haya. Mtu hawezi kuufagia ua wa mwenziwe na hali wake umejaa.

Turejee kwa yule ndugu wa safu ya mbele. Nilimwita faragha, akaniambia, "Sheikh, ni mpira tu." Nikamsomea habari ya Abu Dharr (R.A.). Sahaba huyu, pamoja na ukubwa wa cheo chake, aligombana na mtu akamtia aibu kwa mama yake. Katika mapokezi ya Bukhari mtu huyo hakutajwa jina, na wanavyuoni wengine wamesema kuwa ni Bilal. Mtume (S.A.W.) alimwambia Abu Dharr kuwa yeye bado ni mtu mwenye ujahiliya ndani yake. Hakumwambia kuwa ametoka katika Uislamu, wala hakumwambia kuwa ni neno dogo. Alimwonyesha kuwa ujahiliya waweza kukaa ndani ya mtu anayesali na kufunga, kama kaa la moto chini ya jivu. Na Abu Dharr toba yake haikuwa ya mdomo. Miaka mingi baadaye watu walimkuta amevaa nguo, na mtumishi wake amevaa mfano wake. Walipomuuliza, akawasimulia kisa kile.

Ndugu yule alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Nifanye nini?" Nikamwambia: tusi ulilitoa mbele ya watu, na radhi iombe mbele ya watu. Akapanda gari mpaka Kitale, akamwendea kijana siku ya mazoezi, akamwomba radhi mbele ya wenziwe wote. Kijana akamsamehe. Lakini msikitini hajarudi bado, na mimi simlaumu. Tusi lilitoka kwa pumzi moja, na kulirudisha ni safari ndefu.

Basi, ndugu zangu, nawausia mambo matatu. La kwanza, baba anayekwenda na mwanawe mpirani ajue kuwa mtoto hatazami mpira peke yake, bali hutazama na kinywa cha babake. La pili, ukilisikia tusi la kabila, usicheke. Kicheko ndicho kinachomlipa mwenye kutukana, na kama huwezi kumkataza kwa ulimi, basi ondoka ukae pengine. La tatu, walimu wa madrasa na wakuu wa timu zetu wakubaliane kuwa mchezaji au shabiki atakayetukana kabila la mtu hatasamehewa kwa kuwa ni hodari au ni tajiri, mpaka amwombe radhi aliyemtukana, hadharani.

Utazameni Mto Nzoia. Watoka katika milima ya Cherang'any upande wa Kitale, hupita Bungoma, hupita karibu na Mumias, ukamwagika katika Ziwa Victoria. Kila kabila la pande hizi lanywa katika maji yake. Hata timu ya Nzoia Sugar ya Bungoma, iliyopata kucheza Ligi Kuu, imechukua jina lake humo, na wachezaji wake wametoka katika makabila mbali mbali. Anayetema mate katika mto huu huku juu asidhani kuwa ni watu wa chini tu watakaoyanywa. Naye ana ndugu na mashemeji huko chini.

Namwomba Mwenyezi Mungu azitakase ndimi zetu, aing'oe jahiliya katika vifua vyetu, na amrudishe ndugu yetu kijana katika safu zetu, akutane humo na watu walio bora kuliko wale aliowaacha. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.