Mgeni na Jembe Lake

Hakuna mwalimu wa Kiswahili asiyepata kuifundisha methali isemayo, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Katika madarasa mengi huelezwa kuwa ni onyo kwa mgeni: asikae kitako akila vya watu, bali ashike kazi. Maelezo hayo si ya uongo, lakini twaona kwamba ni nusu tu ya maana. Kitenzi kilichomo ni "mpe", nacho chaelekezwa kwa mwenyeji. Anayeamrishwa ni mwenye nyumba. Basi swali tunalotaka kulichungua ni hili: je, mwenyeji anayempa mgeni wake chakula huku akimnyima jembe, amemtendea haki?

Swali hili halikutujia kutoka vitabuni. Sisi tuliopata kufundisha Kiswahili Dzaleka, wilayani Dowa, yapata kilomita 45 kutoka Lilongwe, tumeishi nalo. Mahali hapo palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa zama za utawala wa Dokta Hastings Kamuzu Banda. Mwaka 1994 pakafanywa kambi ya wakimbizi, iliyokusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo wamo zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni, kanisani na bombani, kikiwa na lafudhi za Uvira, Bukavu na Bujumbura.

Mtu aweza kudhani kwamba kutokuwa sawa ni jambo la mwenye nacho na asiye nacho, basi. Lakini tukienda Lilongwe twaona kwamba mambo hayako hivyo. Mji huo, uliofanywa makao makuu ya Malawi mwaka 1975, umegawanywa kwa namba. Area 47 ina nyumba za kuta na mageti. Ng'ambo yake uko Mtandire, ambako nyumba zimebanana na maji huchotwa kwa ndoo. Mkazi wa Mtandire ni raia kamili, naye aweza kulala na njaa kama mkimbizi yeyote. Hali kadhalika wakulima wa vijiji vinavyoizunguka Dzaleka: wengine huitazama kambi kwa wivu, kwa kuwa ina zahanati, shule na soko lenye watu.

Hapo ndipo ilipo haja ya kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa: kupungukiwa na kuzuiliwa. Aliyepungukiwa hana kitu, lakini njia iko wazi mbele yake, hata ikiwa ndefu na ya miiba. Aliyezuiliwa aweza kuwa na elimu, nguvu na ufundi, ila njia imefungwa. Kambini tumekutana na wauguzi, mafundi wa umeme na walimu wenye shahada wanaongoja mgao wa chakula mwezi hata mwezi, mgao ambao nao umepunguzwa mara kadhaa miaka hii. Wale wanaopata kazi katika mashirika humo hulipwa posho ndogo, wala si mshahara, ingawa hufanya kazi ileile afanyayo mwenzao raia aliyekaa meza ya pili.

Kizuizi hiki ni cha sheria. Malawi iliukubali Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 hapo mwaka 1987, lakini kwa masharti. Vifungu kadhaa, kikiwamo kile cha elimu ya serikali, ilivihesabu kuwa ni mapendekezo tu, si wajibu; na katika kazi ya mshahara na uraia ilikataa kufungwa kuwapa wakimbizi haki zaidi ya wageni wengine; tena ikajiwekea haki ya kuamua mahali pa kuwakalisha wakimbizi. Kwa miaka mingi wako waliofungua maduka mijini pasipo kusumbuliwa sana. Machi 2023 serikali ikawaamuru warudi kambini, na mwezi Mei polisi wakaanza kuwakamata. Watu waliokuwa wakijilisha wenyewe wakarudishwa kwenye foleni ya kulishwa.

Ubaya wa kuzuiliwa haukomi tumboni. Mtu akishakatazwa kazi kwa muda mrefu, watu husahau katazo na kuona uvivu. Huitwa ombaomba, na watoto wake hukua wakimwona baba yao akiomba. Yaani kwanza ananyimwa jembe, kisha analaumiwa kwamba halimi. Hiyo twaiona kuwa dhuluma ya pili, nayo huuma kuliko ya kwanza, maana ya kwanza hugusa mali, na ya pili hugusa utu.

Yapo majibu ya mwenyeji, nayo yastahili kusikilizwa. Atasema: nchi yetu ni ndogo, ina zaidi ya watu milioni 17 kwa hesabu ya mwaka 2018, na vijana wetu wenyewe hawana jembe, tutampaje mgeni kabla ya mwana? Hoja hii ina uzito. Lakini yachukulia kwamba kazi ni kama mkate mmoja, akimega mmoja mwingine hukosa. Soko la Dzaleka latuonyesha vingine. Mkulima wa Dowa huleta mahindi na nyanya zake humo kwa sababu wamo wanunuzi, na mkimbizi akifungiwa duka, mkulima yule hupoteza mteja wake.

Tena jembe limepata kutolewa kwingine. Tanzania, baada ya mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, iliwapa wakimbizi mashamba huko Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Walilima, wakajitegemea, wakauza ziada. Na baada ya mwaka 2007 zaidi ya 160,000 wakapewa uraia. Ni kweli kwamba Tanzania hiyohiyo baadaye iliwabana waliofuata katika makambi. Hilo halifuti la kwanza, bali laonyesha kwamba kutoa na kunyima ni uamuzi wa watu.

Ndugu walimu, jambo hili latuhusu sisi hasa. Agosti 2019 wakuu wa nchi za SADC, Malawi ikiwamo, walikikubali Kiswahili kuwa lugha rasmi ya jumuiya yao. Tulifurahi, na ilistahili kufurahi. Lakini lugha iliyopewa kiti mkutanoni ndiyo lugha ya watu wanaohitaji ruhusa kutoka kambini. Hatuoni jinsi tutakavyoisherehekea lugha tukanyamaza juu ya wasemaji wake.

Basi jibu letu kwa swali la mwanzo ni kwamba chakula ni hisani, na jembe ni haki. Hisani hailipi deni la haki. Mgeni wa Dzaleka aliyefika mwaka 1994 amekwisha kuwa na wajukuu. Tunapoifundisha methali ile, na tuwaulize wanafunzi maswali mawili badala ya moja: mgeni afanye nini, na mwenyeji atoe nini. Wenzetu watakaoliuliza swali la pili darasani, tungependa kusoma walivyojibiwa.